Oksijeni kwenye mapango ya kina kirefu: mfumo wazi au mfumo funge, na uweke kiwango gani

Anayepanga kuingia pango la maji lenye kina cha mita 90 kwa kawaida huanzia kwenye vifaa: mitungi mingapi, mtambo gani wa kusafisha pumzi ili ivutwe tena, nani ana skuta ya kumvuta chini ya maji. Mimi humtaka aanzie kwenye oksijeni. Ataivuta kwa wingi sehemu gani ya safari, na kwa muda gani? Akishajibu hilo, vifaa vingi vinajichagua vyenyewe.

Oksijeni ikizidi shinikizo fulani hugeuka sumu. Shinikizo likiwa kubwa hushambulia ubongo. Likiwa la wastani lakini la saa nyingi, mapafu ndiyo huumia. Mfaransa Paul Bert alieleza degedege la oksijeni mwaka 1878, na James Lorrain Smith akaeleza madhara ya mapafu mwaka 1899. Kwa mzamiaji wa pangoni, la kuogopa zaidi ni la ubongo. Degedege lenyewe hupita, na aliye nchi kavu huzinduka akiwa amechoka na amechanganyikiwa. Aliye majini, kidomo cha kuvutia hewa humtoka, na pumzi inayofuata ni maji. Kwenye bahari wazi mwenzako anaweza kukukamata na kukupandisha. Pangoni juu yako kuna mwamba, na handaki la kutokea huenda linashuka tena kabla ya kupanda.

Zipo dalili zinazofundishwa: kuona kama unachungulia kwenye bomba, masikio kulia, kichefuchefu, midomo kuchezacheza, hasira isiyo na sababu, kizunguzungu. Zifahamu, lakini usizitegemee. Mara nyingi degedege huja bila kubisha hodi.

Saa ya oksijeni, na inachoficha

Shinikizo la oksijeni hupatikana kwa kuzidisha sehemu ya oksijeni kwenye gesi na shinikizo la mahali ulipo. Juu ya maji shinikizo ni bar 1, na kila mita 10 huongeza bar 1, kwa hiyo mita 90 ni bar 10. Gesi yenye oksijeni asilimia 12 hapo inakupa bar 1.2. Vikomo vinavyotumiwa zaidi ni vya NOAA, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia bahari na anga:

| Shinikizo la oksijeni | Kikomo cha mbizi moja | Kikomo cha saa 24 |
|---|---|---|
| bar 1.6 | dakika 45 | dakika 150 |
| bar 1.4 | dakika 150 | dakika 180 |
| bar 1.3 | dakika 180 | dakika 210 |
| bar 1.2 | dakika 210 | dakika 240 |
| bar 1.0 | dakika 300 | dakika 300 |

Kompyuta ya mbizi huchukua jedwali hili na kulifanya asilimia ya kikomo uliyokwisha kutumia. Hiyo ndiyo saa ya oksijeni. Dakika 90 kwenye bar 1.3 ni asilimia 50 ya saa yako. Tatizo ni kwamba mbizi ya kina kirefu pangoni huvuka asilimia 100 kirahisi: saa 5 kwenye 1.3 pekee ni asilimia 167. Wapo wengi waliovuka namba hiyo wakarudi salama, na wapo waliopata degedege wakiwa chini yake. Asilimia hiyo haijui kama unapambana na mkondo au umetulia umeshika kamba.

Ubongo, kwa upande wake, unajua tofauti. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kenneth Donald, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, aliwajaribu wazamiaji wengi kwa oksijeni tupu. Aliona kwamba ustahimilivu hutofautiana mno kati ya mtu na mtu, na hata kwa mtu yuleyule kati ya siku na siku. Aliona pia kwamba mtu hustahimili zaidi akiwa pakavu kuliko akiwa majini, na akipumzika kuliko akifanya kazi. Ulinganisho wote ulioko hapa chini umesimama juu ya hayo mawili ya mwisho.

Chini kabisa: 1.3, 1.2 au 1.0?

Wanaopendelea kiwango cha juu chini kabisa hutoa hoja moja: oksijeni ikiongezeka, heliamu na nitrojeni zinazoingia mwilini hupungua, na hivyo muda wa kupanda kwa vituo, yaani kusimama njiani ili gesi hizo zitoke mwilini taratibu, hupungua. Hoja ni kweli. Ila ipime kwa hesabu kabla hujaikubali.

Kwenye mita 90 shinikizo lote ni bar 10. Ukiweka oksijeni 1.3, gesi nyingine zinabaki na bar 8.7. Ukishusha hadi 1.1, zinakuwa na 8.9. Tofauti ni kama asilimia 2. Umeubebesha ubongo mzigo kwa ajili ya punguzo ambalo hutaliona kwenye ratiba ya kupanda.

Sasa peleka hesabu hiyohiyo kwenye mita 12, ambako shinikizo ni bar 2.2. Ukiwa na oksijeni 1.3, gesi nyingine ni 0.9. Ukiwa na 1.0, gesi nyingine ni 1.2, yaani zimeongezeka kwa theluthi nzima. Hapa oksijeni inalipa, na inalipa wakati umetulia, mwendo umekwisha, mlango wa pango uko karibu.

Kuna pia suala la hewa ukaa. Mtu anayefanya kazi kwa kina kirefu hushindwa kuitoa yote, na hewa ukaa ikipanda mwilini hupanua mishipa ya damu ya ubongo, na oksijeni nyingi zaidi hufika huko. Kwa maneno mengine, 1.3 ya mtu aliyehema kwa nguvu si 1.3 ya mtu aliyetulia, ingawa kompyuta inaandika namba moja.

Kwa safari fupi ya dakika 20 chini, 1.2 au 1.3 haina ubishi mkubwa. Kwa dakika 60 kwenda mbele, chaguo langu ni kati ya 1.0 na 1.1. Dakika 180 kwenye 1.3 humaliza asilimia 100 ya saa kabla hujaanza kupanda, kwenye 1.0 humaliza 60. Wanaosema wataijali oksijeni wakifika kwenye vituo wamesahau kwamba vituoni watafika na saa iliyokwisha.

Mfumo wazi na mfumo funge

Katika mfumo wazi, kila pumzi unayotoa hupotea kama mapovu. Katika mfumo funge, pumzi hurudi kwenye mtambo, hupita kwenye chembe za chokaa zinazonasa hewa ukaa, kisha huongezewa oksijeni kidogo iliyotumika, na unaivuta tena.

Kwa upande wa oksijeni, sifa kubwa ya mfumo wazi ni uhakika. Gesi ikishapimwa na mtungi ukaandikwa, yaliyomo hayabadiliki njiani. Hakuna sensa (kifaa cha kupima oksijeni) wala kidhibiti kinachoweza kukudanganya. Hatari yake ni moja, na ni ya binadamu: kuvuta mtungi usio wa kina hicho. Mchanganyiko wa oksijeni asilimia 50 unafaa kuanzia mita 21 kupanda juu. Ukiuvuta kwa makosa kwenye mita 60, unapata bar 3.5, na hapo degedege ni suala la dakika. Ndiyo maana mtungi huandikwa kina chake kwa tarakimu kubwa zinazosomeka na mwenzako, 21 au 6, na kabla ya kubadilisha unasoma tarakimu, unasoma kina kwenye mkono, unaufuata mpira kwa vidole kutoka kwenye vali hadi mdomoni, na mwenzako anakuangalia ukifanya hivyo. Mtungi wa oksijeni tupu hauna kazi yoyote ndani ya pango. Ufunge kwenye kamba ya kuongozea kwenye mita 6, uende zako. Mtungi usio nao huwezi kuuvuta kwa makosa.

Udhaifu wa mfumo wazi ni ujazo. Mtu anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta lita 200 kwa dakika kwenye mita 90. Dakika 60 ni lita 12,000. Sheria ya mapangoni inataka theluthi ya gesi yote iwe akiba, kwa hiyo 12,000 ni theluthi mbili tu, na jumla inafika 18,000. Jozi ya mitungi ya lita 12 iliyojazwa hadi bar 230 ina lita 5,520. Unahitaji jozi zaidi ya tatu kwa ajili ya chini peke yake, na nyingi lazima zitangulizwe pangoni na watu wengine, ambao nao wanapiga mbizi na kubeba hatari zao.

Mfumo funge unalifuta tatizo hilo. Mwili hutumia lita 1 hadi 2 za oksijeni kwa dakika, iwe mita 10 au 90. Mtungi wa lita 3 wenye bar 200 una lita 600, zinazotosha saa 5 hata kwa aliye kazini. Kisha mtambo hushikilia shinikizo la oksijeni ulilochagua: pango likipanda na kushuka, namba hubaki palepale badala ya kuyumba na kina, ingawa ukishuka haraka hupaa kwa muda kabla ya kutulia. Kwa ratiba ya kupanda, hiyo ni faida kubwa.

Gharama yake ni kwamba oksijeni sasa iko mikononi mwa sensa. Mitambo mingi ina tatu. Kidhibiti hulinganisha namba, hukitupa kinachotofautiana, na huufuata wastani wa vilivyobaki. Tuseme mkononi unaona 1.20, 1.19, 0.98. Kidhibiti kinaamini viwili vya kwanza. Je, kama ni viwili hivyo vilivyoloa unyevu wa pumzi, na cha tatu ndicho kinachosema kweli? Wingi wa kura haufanyi jambo kuwa kweli. Hapo mzamiaji anayejua kazi yake hasubiri. Anasukuma kwenye mtambo gesi ya kuzimua, yaani mchanganyiko wenye oksijeni kidogo anaoubeba ili kupunguza makali ya oksijeni. Kama gesi hiyo ina oksijeni asilimia 10 na yuko mita 90, sensa zote zinapaswa kushuka hadi 1.0. Inayogoma ndiyo mwongo.

Jambo hili lina matokeo kwenye uchaguzi wa gesi, na wengi huliruka. Gesi ya kuzimua lazima iwe na oksijeni chini ya kiwango ulichoweka, kwa kina cha mwisho cha safari. Ukibeba yenye asilimia 13 na kuweka kiwango cha 1.3 kwenye mita 90, kusukuma gesi hakushushi chochote na hakupimi chochote. Umejinyima breki na kipimo kwa pamoja.

Ubaya zaidi ni sensa iliyozeeka. Haifi ghafla, hufika mahali haiwezi tena kupanda. Ikigota kwenye 1.25 na wewe umeweka 1.3, mtambo utaendelea kumimina oksijeni ukingoja namba isiyokuja, huku mkononi unaona kila kitu kiko sawa. Kipimo ni rahisi: mwanzoni mwa mbizi, kwenye mita 6, jaza oksijeni tupu. Inapaswa kukaribia 1.6. Ikikwama kwenye 1.35, safari imeisha, rudi juu ukaibadilishe. Hii ni sababu nyingine ya kushusha kiwango cha chini kabisa, kwani sensa iliyochoka itashindwa 1.3 muda mrefu kabla ya kushindwa 1.0.

Na mfumo funge haukuondolei mitungi. Mtambo ukifa mwisho wa handaki, dakika 30 kutoka mahali pa kuanza kupanda, mtu aliyeshtuka anavuta lita 30 kwa dakika. Kwenye mita 90 hizo ni lita 9,000, bado hujahesabu gesi ya vituo. Wanaokwenda mbali ndani ya pango huamua kati ya mitungi mingi iliyotangulizwa na mtambo wa pili kamili. Wazo la pili si jipya: mwaka 1987, kwenye chemchemi ya Wakulla jimboni Florida, Bill Stone alikaa majini saa 24 akijaribu mtambo uliojengwa kwa mifumo miwili ndani ya mmoja. Kwa handaki refu na la kina mimi naona mtambo wa pili una mantiki, kwa sharti kwamba unavutwa na kukaguliwa mara kwa mara njiani. Mtambo unaobebwa saa 3 bila kuangaliwa unaweza kuwa na oksijeni ya kiwango chochote ndani yake.

Mwezi Januari 2005, kwenye pango la maji la Boesmansgat nchini Afrika Kusini, mzamiaji David Shaw alishuka hadi mita 270 kwa mfumo funge akijaribu kuutoa mwili wa Deon Dreyer, aliyefia humo mwaka 1994. Shaw hakurudi. Uchunguzi wa kitabibu ulielekeza kwenye hewa ukaa: gesi nzito, kazi ngumu, pumzi za haraka zisizotosha kuitoa. Mwenzake Don Shirley, aliyekuwa akishuka kumfuata, kidhibiti cha mtambo wake kilivunjika kwa shinikizo, na aliendesha oksijeni kwa mkono kwa saa nyingi hadi akatoka akiwa hai. Ukichagua mtambo, uliza kwanza kama unaweza kuendeshwa hivyo, na kama wewe mwenyewe unaweza.

Uzito wa gesi

Kisa cha Shaw kinatupeleka kwenye kipimo ambacho zamani hakikuhesabiwa. Mwaka 2016 watafiti Gavin Anthony na Simon Mitchell walipendekeza gesi inayovutwa isizidi gramu 5.2 kwa lita, na kwa vyovyote isipite 6.2. Juu ya hapo, uwezo wa mapafu kutoa hewa ukaa wakati wa kazi huanguka. Hewa ya kawaida hufika 5.2 kwenye mita 31 tu, na 6.2 kwenye mita 39.

Linganisha michanganyiko miwili kwenye mita 90. Ya kwanza ina oksijeni asilimia 12 na heliamu 60: gramu 6.3 kwa lita. Ya pili ina oksijeni 12 na heliamu 70: gramu 5.2. Oksijeni ni ileile, bar 1.2, na saa ya kompyuta haioni tofauti yoyote. Lakini mwenye gesi ya kwanza anakusanya hewa ukaa akipiga mapezi, na 1.2 yake ni ya hatari zaidi. Heliamu ni ghali, na watu hubana hapo kwanza. Kama lazima ubane, punguza umbali wa safari, usipunguze heliamu.

Kwa mapango ya kina cha kupindukia hata heliamu haitoshi. Ndiyo sababu Februari 2023, kwenye pango la Pearse huko New Zealand, Richard Harris alishuka hadi mita 230 akiwa na haidrojeni kwenye mchanganyiko wake. Hilo ni jaribio la timu maalumu sana, wala si chaguo la kuwekwa mezani na wengine.

Na kumbuka upande wa pili: gesi yenye oksijeni asilimia 10 ni salama mita 90 na inakuzimisha juu ya maji, kwani hapo ni bar 0.1 tu.

Wakati wa kupanda: 1.6 au 1.3

Hapa ndipo oksijeni inapostahili kutumika, na hapa ndipo asilimia hupaa. Oksijeni tupu kwenye mita 6 ni bar 1.6. Hakuna heliamu wala nitrojeni inayoingia, mwili unajisafisha kwa kasi ya juu iwezekanavyo. Lakini dakika 90 hapo ni asilimia 200 ya saa. Kwenye 1.3, dakika hizohizo ni asilimia 50, na gesi nyingine unazovuta ni bar 0.3.

Kama kituo chako cha mwisho ni dakika 30 au 40, tumia 1.6 bila wasiwasi, ukiwa umetulia. Kikiwa cha saa 2 au 3, aliye kwenye mfumo funge ni bora aweke 1.3 au 1.4 na akubali kukaa zaidi. Aliye kwenye mfumo wazi hana kitufe cha kushusha, ila ana mbili za kufanya. Kama ratiba yake inaruhusu, anaweza kumalizia kwenye mita 3, ambako oksijeni tupu ni 1.3. La pili ni mapumziko: kuacha oksijeni kwa dakika chache na kuvuta gesi dhaifu. Kwenye vyumba vya tiba ya shinikizo huwa kama dakika 20 za oksijeni kwa 5 za hewa. Baadhi ya wazamiaji wa mapangoni hutumia 12 kwa 6. Mapumziko yanayapa mapafu nafuu, na kwenye vyumba vya tiba ni desturi ya kupunguza degedege. Angalia tu unapumzikia gesi ipi. Ile ya asilimia 10 uliyotoka nayo chini inakupa bar 0.16 kwenye mita 6, ambayo ni kidogo mno kwa mtu aliyechoka. Weka mtungi wenye asilimia 21 au zaidi.

Majini au kwenye chumba cha hewa

Timu kubwa huweka kibanda kilicho wazi upande wa chini, kimejaa hewa na kufungwa kwenye dari la pango, ili mzamiaji akae kifua na kichwa vikiwa nje ya maji huku akivuta oksijeni. Wakulla wametumia, na Pearse, ambako maji ni ya nyuzi 6 hivi, wametumia kadhaa kwa vina tofauti. Desemba 2007, Jarrod Jablonski na Casey McKinlay walipita chini kwa chini kutoka shimo la maji la Turner Sink hadi chemchemi ya Wakulla, karibu kilomita 11 kwa kina cha takriban mita 90, wakalipa kwa saa nyingi za kupanda. Safari ya namna hiyo bila timu na maandalizi ya namna hiyo haifikiriki.

Kwa upande wa oksijeni, chumba kinashinda wazi. Mtu hustahimili zaidi akiwa pakavu, anapata joto, anakunywa maji, na akipata degedege kichwa chake hakiko majini. Kinachopunguza ushindi huo ni kazi ya kukijenga, hewa ukaa inayojaa ndani kisipopitishiwa hewa safi, na oksijeni inayovuja humo ikakifanya kuwa mahali pa kuogopa cheche yoyote. Kituo cha saa 1 hakistahili ujenzi huo. Kuanzia saa 4 au 5 kwenye maji ya baridi, ningeanza kukitafuta kwanza kabla ya kutafuta skuta.

Kidomo cha kawaida, kidomo chenye mkanda, au barakoa ya uso mzima

Hapa sina mengi. Kidomo cha kawaida hutoka mtu anapozimia. Kidomo chenye mkanda unaozunguka kichwa na kufunika midomo hubaki. Wazamiaji wa jeshi la Ufaransa, wanaotumia mifumo funge ya oksijeni na mikanda hiyo, wamepata visa vingi vya kuzimia majini kwa miaka mingi, na waliokufa maji ni wachache sana. Barakoa ya uso mzima inalinda zaidi, ila kubadilisha gesi kunakuwa kugumu, na pangoni kubadilisha gesi ni kazi ya kila safari. Chukua mkanda, tena wenye vali inayokuwezesha kuhamia mfumo wazi bila kutoa kidomo. Aliyejaa hewa ukaa anahema kiasi kwamba kutoa kidomo hata kwa sekunde 2 kunamshinda.

Achague nani nini

Pango la mita 50 hadi 60, handaki fupi, dakika 25 chini: mfumo wazi unatosha na ni rahisi kuuamini. Oksijeni 1.2 au chini yake mwisho wa kina, mtungi wa asilimia 50 kwenye mita 21, oksijeni tupu kwenye mita 6, saa haifiki popote pa kutisha. Anayenunua mtambo kwa ajili ya safari kama hii anajiongezea namna za kufa bila kupata faida inayolingana.

Mita 70 hadi 100, dakika 40 na zaidi: mfumo funge, 1.0 au 1.1 chini, gesi ya kuzimua ambayo oksijeni yake inabaki chini ya kiwango hicho kwa kina cha mwisho, na heliamu 70 au zaidi, kupandisha hadi 1.3 ukishafika vituo vya juu umetulia. Asiyekuwa na mamia ya saa kwenye mtambo wake nje ya mapango asiingie nao huko.

Kwa wanaokwenda siku mfululizo, swali linahama kutoka kwenye ubongo hadi mapafu na macho. Mapafu huhesabiwa kwa vipimo ambavyo kimoja ni dakika 1 kwenye bar 1.0. Saa 5 kwenye 1.3 ni karibu vipimo 444. Jedwali la Bill Hamilton, mtaalamu wa fiziolojia ya mbizi, linaruhusu 850 kwa siku moja, 700 kwa siku kama ni siku mbili, 460 kama ni siku tano, na kuanzia siku ya 11 ni 300 tu. Kwa hiyo safari ya saa 5 unayoweza kuifanya kesho bila shida huwezi kuirudia kila siku kwa wiki mbili. Ukianza kukohoa kikavu au kifua kubana unapovuta pumzi ndefu, pumzika siku nzima hata kama kompyuta inaruhusu. Macho nayo, baada ya siku nyingi za 1.3, huanza kushindwa kuona mbali; kwa kawaida hurudi yenyewe, lakini huchukua wiki au miezi. Ukipanga safari ya siku 10, weka mbizi ndefu mwanzoni na siku ya mapumziko katikati, na uanze kukata mbizi kuanzia mwisho wa ratiba pale mapafu yatakapolalamika.